Kabati la Chuma Chumbani kwa Mama Mkwe

Polisi aliyekuja kukagua nyumba yetu ya Edmonton, kaskazini mwa London, alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Aliniuliza kama nakunywa, kama nagombana na mke wangu, kama nimewahi kulazwa kwa maradhi ya akili. Aliporidhika na tabia zangu akaanza kugonga kuta kwa vifundo vya vidole. Sebule aliikataa kwa sababu kila mgeni angeliona kabati. Chumba chetu cha kulala alikikataa kwa sababu ukuta wake ulikuwa mbao nyembamba zilizopakwa lipu. Tulipofika chumba kidogo cha nyuma, ambamo wakati huo tuliweka masanduku na meza ya kupigia pasi, aligonga pembeni mwa dohani la zamani, akasikia tofali, akatabasamu. Kabati la chuma lifungwe hapo, alisema, na ufunguo niushike mimi peke yangu, hata mke wangu asijue ninauweka wapi.

Bunduki yenyewe niliipata kwa dereva mmoja mzee wa Kiingereza niliyefanya naye kazi kwenye ghala la samani. Alikuwa na mchezo wake wa Jumapili: kwenda mashambani nje ya jiji kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mtambo. Bastola zilikuwa zimeshapigwa marufuku nchini, lakini bunduki ya marisau, ile ya kupigia ndege, mtu aliweza kuwa nayo akipewa cheti na polisi. Siku moja alinichukua nikamtazame. Alipokaribia kustaafu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akaniambia angependa niichukue mimi kwa bei ya kirafiki kuliko kuipeleka dukani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Sikujiuliza lolote, na hilo bado linanisuta.

Nitajitetea kidogo, kisha niache. Kwetu, upande wa Tabora, baba alikuwa na gobore la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori. Kaka yangu alifundishwa kulitumia. Mimi niliambiwa nina papara, nikapewa debe la kupigia kelele. Nilikuwa sasa mtu mzima mwenye mvi za kwanza na mgongo mbovu, nasukuma makochi ya watu kwenye baridi ya Edmonton, na lile debe lilikuwa bado limenikaa kooni. Wapo watu wanaonunua magari kwa sababu za kipuuzi kuliko hiyo.

Lakini mke wangu ni mtu wa Bukavu. Alitoka kwao kwa miguu, usiku, akiwa msichana, na bunduki anazozijua yeye hazikuwa za nguruwe pori. Nilimweleza mpango wangu kwa lugha laini, nikilitia neno mchezo kila nilipopata nafasi. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja mpaka zikaisha.

"Wewe fanya," akasema. "Lakini mama asijue. Siku mama akijua, usinitafute."

Mama yake wakati huo alikuwa bado kambini Kigoma, akingoja karatasi za kuja kuishi nasi. Niliona yuko mbali sana. Nikaapa.

Ukishamiliki bunduki Uingereza unagundua kwamba hakuna anayekulazimisha kujifunza kuitumia. Polisi anajali ukuta. Shabaha ni shauri lako. Nikaanza kutafuta mwalimu. Nilikwenda kwanza kwenye shule moja ya kulenga shabaha iliyokuwa na picha nzuri kwenye kijarida chake. Bei ya saa moja ilikuwa ya watu wenye farasi. Nilikwenda hata hivyo, nione wanavyofanya, nikakuta uwanja umejaa magari ya kupandia milima ambayo hayajawahi kuona tope. Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya aliniuliza kwa adabu kama nimekuja kuhusu vyoo. Nilimjibu ndiyo. Nikaenda, nikavitazama vyoo, nikatoka, nikapanda basi.

Wa pili nilimpata kwenye tangazo lililobandikwa dirishani mwa duka la magazeti. Bei yake ilikuwa ya kirafiki mno. Alinifundishia nyuma ya banda la nyasi kavu, bila kinga ya masikio, kopo la bia juu ya boneti ya gari lake, na kila alipotaka kunionyesha kitu mtutu ulipita kifuani pangu huku yeye akiendelea na hadithi. Rahisi ghali. Nilirudi nyumbani masikio yakilia, nikamwambia mke wangu somo lilikuwa zuri.

Mwalimu wa kweli nilimpata nikitafuta boliti. Zile za kwanza zilikuwa zimeanza kulegea ukutani, na mtu wa kazini akanielekeza duka moja la vifaa vya ujenzi huko Wembley. Mwenye duka alikuwa Singasinga mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu, mkazi wa Stanmore, mzaliwa wa Kisumu. Alizipima boliti nilizochagua kwenye kiganja chake.

"Za kufungia nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Kabati."

"Kabati ya vikombe haitaki boliti kama hii." Akanitazama vizuri, akahamia Kiswahili. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Basi sema ukweli, mtu wa Tabora. Uko na bunduki?"

Nikamwambia, na vyoo nikamwambia, na yule wa bia. Alicheka mpaka akashika kaunta. Kumbe alikuwa amepiga visahani tangu ujana wake Kenya, na sasa alikuwa akifundisha wanaoanza katika kilabu kidogo cha Hertfordshire, watu wa kawaida, mafundi bomba na manesi.

"Pesa yako mimi sitaki," alisema. "Lipa risasi na visahani, na unisaidie kubeba ile mashine, mgongo yangu imeisha. Lakini kwanza niambie. Kwa nyumba mko wangapi?"

"Mimi na mke wangu. Na mama mkwe anakuja."

"Wote wanajua iko bunduki ndani? Huyo mama ataambiwa?"

"Ataambiwa."

"Sawa. Kwa sababu bunduki ya siri ni mbaya kuliko bunduki imejaa risasi. Mtu wa siri mimi simfundishi."

Nilimdanganya bila kupepesa macho, na kwa huruma yake akanipunguzia bei ya boliti. Nilipanda treni kurudi nikiwa na mfuko mzito na furaha ya mtu aliyepata kitu kizuri kwa bei nafuu. Njiani nilijiambia kwamba wakati ukifika nitaona la kufanya.

Wakati ulifika. Boliti mpya ziliingia ukutani wiki ile ile mama mkwe alipotua Heathrow. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya kulala tu, kwa hiyo tuliondoa masanduku na meza ya pasi, tukaweka kitanda, na kabati likabaki pale pale kwa sababu hapakuwa na ukuta mwingine ambao polisi angeukubali. Jioni ya kwanza mama alisimama mbele yake akauliza ni nini. Mke wangu alitazama sakafu.

"Makaratasi, mama," nilisema kutoka nje ya mlango. "Ya nyumba, ya kazi, ya uhamiaji."

Mtu aliyekaa kambini miaka mingi akingoja karatasi hachezi na neno hilo. Mama alirudi hatua moja nyuma, kwa heshima. Baadaye alitandaza juu ya lile kabati kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, akaweka picha ya marehemu mume wake, aliyepigwa risasi na askari mlangoni mwa nyumba yake. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusalia asubuhi.

Na hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Kwetu na kwao ni mamoja: mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Akishuka ngazi mimi narudi chini nimpishe. Tukisalimiana hatushikani mikono, na akitaka jambo kwangu humtuma binti yake aje kuniambia, hata kama sote watatu tuko jikoni. Ni adabu nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini sheria ya nchi ilisema kabati lile nilifungue mimi tu, na mila ikasema aingie chumba kile mtu yeyote isipokuwa mimi.

Jumapili ikanipa njia. Mke wangu na mama yake walikwenda kanisani kwa Wakongo wenzao, na ibada ile haina haraka. Ina kwaya tatu, na kila kwaya ina mengi ya kusema. Mimi nilisema nimepata ovataimu ghalani. Basi lao likishapita kona, nilivua viatu nikapanda ngazi nyumbani kwangu mwenyewe kwa kunyata. Nilifungua mlango wa mama mkwe. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa kikavutika, vitenge vimekunjwa, na chumba kilinukia sabuni yake. Nilijisikia mchafu. Niliinua pindo la kitambaa cheupe, nikaitazama ile picha, nikasema, "Samahani, baba," kisha nikatia ufunguo.

Ningependa kusema kwamba aibu ilinizuia kufurahi. Haikunizuia. Mwalimu wangu alinifundisha kwa muda mrefu bila risasi, kusimama tu, kuinua kitako cha bunduki mpaka shavuni, kufuata kisahani kwa macho kisha kwa mtutu. Kaka yangu alifundishwa kwa makofi; mimi nilifundishwa na mtu aliyekuwa akisema, "Pole pole, bwana, kisahani haina visa, haiendi mbali." Siku nilipovunja cha kwanza kikawa vumbi jeusi hewani, nilipiga kelele kama mtoto, na mafundi bomba wote wakanipigia makofi.

Jambo alilolikazania kuliko yote ni kwamba ukiwa hupigi, bunduki inakunjwa katikati, wazi, ili kila aliye karibu aone haina kitu.

"Adabu ya bunduki ni hii tu," aliniambia. "Kila mtu aone. Na siku moja leta wale mama wawili wakuone wewe unapiga. Tutawapa chai."

Nilimjibu mama mkwe ana miguu mibovu. Miguu ya mama mkwe ilikuwa mizima kabisa. Kanisani alicheza kuliko wanakwaya. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu ilikuwa na vituo vingi, na kwenye kila kituo nilishuka nikapanda tena. Nikirudi nyumbani nilisafisha mitutu upesi kwa kitambaa na mafuta, nikairudisha bunduki kabatini, nikafungua dirisha la chumba hewa ipite, nikafunga dirisha, nikaketi sebuleni mbele ya televisheni kama mtu aliyechoshwa na makochi. Mama alipoingia alinisalimu kwa mbali akaniuliza, kupitia kwa binti yake, kama kazi ilikuwa salama. Swali lile aliliuliza kila Jumapili. Niliona ni upole wake tu, nao ulinichoma zaidi kuliko angekuwa mkali.

Kisha karatasi yake ya kibali cha kukaa ikatoka. Mke wangu aliniletea ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi.

"Mama anaomba umwekee humo na yake," alisema. "Amesema hapo ndipo mahali pake."

Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyecheka. Jumapili iliyofuata niliisimamisha karatasi ya mama kwenye kijirafu cha juu, mdomo wa mtutu ukiigusa, na nafsi ikanisuta mpaka nikakosa visahani vyote siku ile. Mwalimu aliniuliza kama nimekula.

Haikupita miezi mingi karatasi ikahitajika. Mama alikuwa anakwenda kujiandikisha kwa daktari, jirani wa kanisani angemsindikiza, na mke wangu alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee anakohudumia. Mimi nilikuwa nimetoka shifti. Nilipanga kumwomba mama ashuke sebuleni, nipande mara moja, nimletee. Lakini nilipofika kwenye ngazi nilimkuta amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameufungua wote.

"Mukwe, kuya," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita moja kwa moja.

"Mama, shuka tu upumzike chini, mimi nitakuletea."

"Ingia. Fungua mi nikiwa hapa."

Mama mkwe hamwambii mkwe wake aingie chumbani. Akisema hivyo ameiweka kando heshima yake mwenyewe, na hafanyi hivyo kwa jambo dogo. Nilijikaza kisabuni, nikaingia. Aliishusha picha ya mume wake yeye mwenyewe, akaishika, akakikunja kitambaa. Nikatia ufunguo.

Bunduki ilikuwa imesimama pale na karatasi yake juu. Hakushtuka. Aliitazama kama mtu anayemwona leo mgeni ambaye kwa siku nyingi amekuwa akimsikia akikohoa chumba cha pili.

"Niliijua ile juma ya kwanza," alisema. "Kila Yenga tukitoka kanisa, hii chumba iko na ile harufu. Mafuta na baruti. Unafungua dirisha, lakini ile harufu mi naijua."

"Mama, nisamehe."

"Sikuambia mutoto wangu. Nilisema akijua ataogopa."

Kwa hiyo mama na binti walikuwa wakifichana bunduki moja ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na mimi katikati na ufunguo mfukoni. Sikujua niyaweke wapi macho yangu. Aliusukuma mlango mpaka ukabaki wazi kidogo, akashusha sauti.

"Sasa uniambie. Bale batu batakuya siku gani?"

"Watu gani, mama?"

"Bale unatulindia."

Niliitazama bunduki, kisha nikamtazama yeye.

"Mukwe, mi si mutoto," alisema. "Mutu mwema hawezi kuficha bunduki mu nyumba yake bure. Niliona hata huku haiko salama, na hautaki kutuogopesha. Basi nikanyamaza. Tangu niliyijua, nalalaka na viatu mu miguu."

"Hakuna anayekuja, mama," nilisema. "Hakuna mtu. Ni mchezo. Jumapili tunakwenda shambani, kuna mtambo unarusha visahani vya udongo, na sisi tunavipiga."

"Visahani."

"Ndiyo, mama."

"Vya kulia?"

"Hapana. Vimetengenezwa vya kuvunja."

Alilifikiria jambo hilo kwa makini, na kadiri alivyolifikiria ndivyo nilivyozidi kulisikia mwenyewe. Nikamwona akiitazama mikono yangu.

"Mi nilikuwa nakuombea," alisema. "Kila Yenga. Mchungaji akisema tuombe, nasimama, naambia Mungu, mukwe wangu ametoka peke yake kutuchunga, umurudishe."

Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiuliza kama kazi ilikuwa salama. Saa ile ya maombi yake ndiyo saa niliyokuwa Hertfordshire nikipigiwa makofi. Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kuulizwa kuhusu vyoo, lakini aibu ya siku ile sijaipata tena, na siombi.

"Hakuna anayekuja?" aliuliza tena. "Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

Alikaa kitandani na ile picha mapajani, akaanza kulia bila sauti, mabega tu yakienda. Mkwe hamshiki mama mkwe. Nilisimama na karatasi yake mkononi, nikaongea kwa sababu sikuweza kufanya kingine. Nilimwambia nitaiondoa bunduki wiki ile ile, kwamba yuko mtu Wembley ataichukua kihalali, kwamba kabati nitaling'oa ukutani na matundu nitayaziba kwa saruji, asiione tena.

Alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Haiko juu ya bunduki," alisema. "Kama ungeniambia ile siku ya kwanza kwamba ni mchezo, mukwe, ningelalaka."